Mipangilio ya kamera ya joto

Mipangilio ya kamera ya joto ni thamani na machaguo ambayo mtumiaji huingiza katika kamera ya joto kabla ya kupima na wakati wa kupima, ili picha iwe wazi na namba ya halijoto iwe karibu na ukweli. Kamera ya joto ni chombo kinachopokea mionzi ya infraredi inayotoka kwenye vitu na kuigeuza kuwa picha inayoonekana kwa macho.

Kamera hiyo haipimi halijoto moja kwa moja. Inapima nguvu ya mionzi iliyofika kwenye kigunduzi chake, kisha programu iliyomo ndani hukokotoa halijoto kwa kutumia taarifa alizoingiza mtumiaji. Taarifa hizo zikiwa na kosa, picha inaweza kupendeza huku namba iliyoandikwa juu yake ikiwa si ya kweli. Kiungo cha umeme kinachokaribia kuungua kinaweza kuonekana cha kawaida, na kiungo kizima kikaonekana kibovu.

Mipangilio inagawanyika katika makundi matatu: ile inayohusu upigaji wa picha (fokasi, upeo wa halijoto, umbali na lenzi), ile inayohusu ukokotoaji (emisiviti, mwakisiko na hali ya hewa), na ile inayohusu mwonekano (paleti ya rangi, kiwango na upana). Kosa la kundi la kwanza haliwezi kusahihishwa baada ya picha kupigwa. Makosa ya makundi mengine mawili mara nyingi husahihishwa baadaye katika kompyuta, mradi picha imehifadhiwa pamoja na data zake za mionzi.

## Historia

Mionzi ya infraredi iligunduliwa mwaka 1800 na William Herschel, mwanaastronomia wa Uingereza aliyezaliwa Ujerumani. Alipitisha mwanga wa jua katika prizimu na kuweka vipimajoto kwenye kila rangi. Kipimajoto kilichowekwa nje ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote, kilipanda zaidi. Karibu mwaka 1880 Mmarekani Samuel Langley alibuni bolometa, kifaa kinachotambua mabadiliko madogo sana ya joto kwa kupima badiliko la ukinzani wa umeme katika kipande chembamba cha metali.

Mwaka 1965 kampuni ya AGA ya Sweden ilitoa kamera ya joto ya kibiashara iliyokusudiwa kukagua njia za umeme. Kamera za wakati huo zilikuwa nzito na kigunduzi chake kilihitaji kupozwa kwa nitrojeni ya kimiminika. Katika miaka ya 1990 vigunduzi vya bolometa ndogondogo visivyohitaji kupozwa viliingia sokoni. Tangu hapo kamera zimekuwa nyepesi na bei imeshuka, na leo ziko zinazochomekwa kwenye simu ya mkononi. Kwa sababu hiyo, kazi ambayo zamani ilifanywa na wataalamu wachache sasa inafanywa na watu wengi, na suala la mipangilio limekuwa kubwa zaidi.

## Jinsi kamera inavyopata namba

Kila kitu chenye halijoto iliyo juu ya sifuri halisi (−273.15 °C) hutoa mionzi. Kwa mujibu wa kanuni ya Stefan na Boltzmann, nguvu ya mionzi hiyo huongezeka kwa kadiri ya kipeo cha nne cha halijoto katika kelvini. Kamera nyingi za ukaguzi hupokea mionzi yenye urefu wa wimbi wa mikromita 8 hadi 14 hivi, kwa sababu hewa haiizuii sana.

Mionzi inayofika kwenye lenzi ina sehemu tatu:

* mionzi iliyotolewa na kitu chenyewe;
* mionzi ya vitu vingine iliyogonga uso wa kitu na kuakisiwa kuelekea kamera;
* mionzi ya hewa iliyo kati ya kitu na kamera.

Kigunduzi hakiwezi kuzitenganisha sehemu hizo. Kinapata jumla tu, na mipangilio ndiyo inayoiwezesha programu kutoa sehemu ya pili na ya tatu ili kubaki na ya kwanza.

Lenzi za kamera hizi kwa kawaida hutengenezwa kwa germani, si kwa kioo, kwa kuwa kioo cha kawaida hakipitishi mionzi ya mawimbi hayo. Ndiyo maana kamera ya joto haioni kupitia dirisha la kioo. Mtu akiielekeza dirishani ataona joto la kioo chenyewe pamoja na kivuli chake mwenyewe kilichoakisiwa.

## Mfano wa Ngerengere

Ngerengere ni mji mdogo katika Mkoa wa Morogoro, Tanzania, wenye jina moja na mto unaotoka milima ya Uluguru na kuingia Mto Ruvu. Ni kituo cha Reli ya Kati, ambayo ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 wakati wa utawala wa Wajerumani na kufika Morogoro mwaka 1907. Siku hizi ni pia kituo cha reli ya kisasa inayojulikana kama SGR. Vituo vya kipande cha kwanza cha reli hiyo ni Dar es Salaam, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere na Morogoro. Jiwe la msingi liliwekwa Pugu mwezi Aprili 2017, na treni za abiria zilianza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024.

SGR ya Tanzania inaendeshwa kwa umeme wa mkondo geu wa kilovolti 25, unaopita katika waya wa juu ulioshikiliwa na nguzo kandokando ya njia. Treni hupokea umeme huo kupitia mkono ulio juu ya paa lake. Waya huo una viungo vingi: klempu, viunganishi, swichi na vikombe vya kuzuia umeme. Kiungo kilicholegea au kilichopata kutu huwa na ukinzani mkubwa, na mkondo ukipita hapo hutoa joto. Joto hulegeza kiungo zaidi na kuongeza ukinzani, na ukinzani huongeza joto, hadi kiungo kiungue au waya ukatike. Waya ukikatika, treni husimama.

Kazi ya kukagua viungo vya aina hii bila kuvigusa ni miongoni mwa matumizi ya zamani kabisa ya kamera ya joto duniani. Mazingira ya Ngerengere, yenye jua kali, anga wazi, mabati na metali zinazong'aa, yanafaa kuonyesha namna kila mpangilio unavyobadilisha jibu.

## Mipangilio isiyoweza kusahihishwa baadaye

### Fokasi

Picha isiyo na fokasi haikosi uzuri tu, bali pia hukosea halijoto. Mionzi ya kitu kidogo chenye joto husambaa kwenye pikseli za jirani na kuchanganyika na mionzi ya mandharinyuma yenye baridi, hivyo kilele cha joto hushuka. Kwa klempu ndogo iliyo juu ya njia ya reli kosa linaweza kufikia nyuzi nyingi. Kamera zenye fokasi ya kudumu hufaa kwa vitu vya karibu na vikubwa. Kwa kazi ya mbali huhitajika kamera yenye fokasi ya kuzungusha kwa mkono au ya kujiendesha.

### Upeo wa halijoto

Upeo ni mipaka ya halijoto ambayo kigunduzi kimeandaliwa kuipima, kwa mfano −20 hadi 150 °C au 0 hadi 650 °C. Kitu kikizidi upeo, kigunduzi hujaa na namba inayotolewa haina maana. Baadhi ya kamera huweka alama ya > mbele ya namba kuonyesha hali hiyo. Kwa upande mwingine, upeo mpana kupita kiasi hupunguza usahihi wa kutofautisha halijoto zinazokaribiana. Kanuni ni kuchagua upeo mdogo kabisa unaotosha kukihusisha kitu cha moto zaidi kinachotarajiwa.

### Umbali, lenzi na ukubwa wa kitu

Kila pikseli huona eneo fulani, na eneo hilo hukua kadiri umbali unavyoongezeka. Kamera yenye pikseli 320 kwa 240 na lenzi ya nyuzi 25 huwa na mtazamo wa takriban miliradiani 1.36 kwa kila pikseli. Hii ina maana kwamba kwa umbali wa mita 10 pikseli moja hufunika milimita 14 hivi. Ili namba iaminike, kitu kinapaswa kujaza angalau pikseli 3 kwa 3. Kwa hiyo kamera hiyo, ikiwa mita 10 kutoka kwenye waya, inaweza kupima kitu chenye upana wa milimita 41 au zaidi. Klempu ya milimita 30 itaonekana kwenye picha lakini halijoto yake itasomeka chini kuliko ilivyo.

Fundi ana njia mbili: kusogea karibu, jambo ambalo umeme wa kilovolti 25 haliruhusu, au kubadili lenzi. Lenzi ya nyuzi 12 kwenye kamera ileile hupunguza eneo la pikseli hadi milimita 6.5 hivi kwa mita 10, na kitu kidogo kinachopimika huwa cha milimita 20. Kukuza picha kidijitali hakusaidii, kwa sababu kunapanua pikseli zilezile bila kuongeza taarifa.

## Mipangilio ya ukokotoaji

### Emisiviti

Emisiviti ni uwiano kati ya mionzi inayotolewa na uso wa kitu na ile ambayo ingetolewa na kitu cheusi kamili chenye halijoto hiyohiyo. Thamani yake ni kati ya 0 na 1. Huu ndio mpangilio unaosababisha makosa makubwa zaidi. Thamani za kukadiria za nyuso za kawaida ni hizi:

| Uso | Emisiviti |
|---|---|
| Ngozi ya binadamu | 0.98 |
| Maji | 0.96 |
| Tepu nyeusi ya umeme | 0.95 |
| Masizi | 0.95 |
| Tofali la kuchoma | 0.93 |
| Kauri iliyopakwa ung'avu | 0.92 |
| Chuma chenye kutu | 0.7 – 0.9 |
| Shaba iliyopauka | 0.6 – 0.8 |
| Aluminiamu iliyopauka | 0.2 – 0.4 |
| Bati jipya linalong'aa | 0.2 – 0.3 |
| Aluminiamu iliyosuguliwa | 0.05 – 0.1 |

Kamera nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa 0.95. Thamani hiyo inafaa kwa ukuta, ngozi, mbao na kauri, lakini haifai kwa metali tupu.

Jambo hili linaweza kuonyeshwa kwa sufuria ya aluminiamu iliyosuguliwa na kujazwa maji ya moto. Ikiwa uso wa sufuria una 90 °C, mazingira yana 30 °C na emisiviti halisi ni 0.1, kamera iliyowekwa 0.95 itasoma takriban 38 °C. Sehemu kubwa ya mionzi iliyofika kwenye kamera haikutoka kwenye sufuria. Ni ya kuta na vitu vya chumbani iliyoakisiwa. Namba inafanana na joto la mwili wa mtu, ilhali sufuria ingeunguza kidole. Kipande cha tepu nyeusi kikibandikwa ubavuni mwa sufuria hiyohiyo, kamera husoma karibu na 90 °C mahali pa tepu. Vivyo hivyo, sehemu ya sufuria iliyoshika masizi ya kuni husomeka sawasawa kuliko sehemu iliyosuguliwa kwa mchanga. Jaribio hili halihitaji maabara na hufaa kwa somo la fizikia la sekondari.

Klempu ya aluminiamu iliyo juu ya reli hufuata kanuni hiyohiyo. Klempu mpya inayong'aa ikiwa na 90 °C inaweza kusomeka kana kwamba haina tatizo, na klempu ya zamani iliyopauka, yenye 60 °C tu, ikaonekana ya moto zaidi yake. Mkaguzi anayefuata rangi za picha bila kuzingatia emisiviti atabadilisha klempu isiyo na haja na kuiacha yenye hatari.

Emisiviti isiyojulikana hupatikana kwa njia ya tepu. Umeme ukiwa umekatwa na njia kuunganishwa na ardhi, tepu yenye emisiviti inayojulikana hubandikwa kwenye metali. Kitu kikishapata joto, angalau nyuzi 20 juu ya mazingira, tepu hupimwa kwa 0.95. Kisha kamera huelekezwa kwenye metali tupu iliyo kando ya tepu, na emisiviti hubadilishwa hadi namba mbili zilingane. Thamani iliyopatikana huandikwa kwa matumizi ya baadaye.

Pale ambapo emisiviti iko chini ya 0.5 hivi, mabadiliko madogo ya thamani hubadilisha sana jibu. Kwa nyuso za namna hiyo ni salama zaidi kutafuta sehemu nyingine ya kupima kuliko kutegemea marekebisho. Sehemu nzuri ni tundu la bolti, pembe ya ndani kati ya vipande viwili, sehemu iliyopakwa rangi, au ganda la waya lililo karibu na kiungo. Mashimo na pembe huakisi mionzi mara nyingi ndani yake na hivyo hutenda kama uso wenye emisiviti kubwa.

### Halijoto ya mwakisiko

Mpangilio huu hueleza kamera halijoto ya vitu vinavyoakisiwa na uso unaopimwa. Ndani ya jengo mara nyingi huwa sawa na halijoto ya chumba. Nje mambo hubadilika. Fundi anayetazama waya kutoka chini huwa na anga nyuma ya waya, na baadhi ya nyuso za metali huakisi anga hilo. Anga lisilo na mawingu husomeka baridi sana kwenye kamera, mara nyingi chini ya sifuri kwa nyuzi nyingi hata mchana wa joto. Wingu likipita, namba hubadilika ingawa kiungo hakijabadilika.

Thamani ya mwakisiko hupimwa kwa karatasi ya aluminiamu ya jikoni. Karatasi hukunjwakunjwa ovyo, hunyooshwa tena, na kuwekwa mahali pa kitu kinachopimwa au sambamba nacho, upande unaong'aa ukielekea kamera. Emisiviti huwekwa 1.0 na umbali 0, kisha wastani wa eneo la karatasi husomwa. Namba hiyo ndiyo huingizwa kama halijoto ya mwakisiko. Baada ya hapo emisiviti na umbali hurudishwa kwenye thamani za kazi.

Ili kutambua kama doa la moto ni la kweli au ni mwakisiko, mkaguzi husogea hatua chache kushoto au kulia. Doa la kweli hubaki mahali pake kwenye kitu, bali mwakisiko wa jua au wa mtu huhama.

### Hewa: umbali, halijoto na unyevuanga

Programu hutumia umbali, halijoto ya hewa na unyevuanga kukadiria kiasi cha mionzi kilichopotea njiani. Kwa umbali wa mita chache athari ni ndogo, na kosa dogo la unyevuanga halibadilishi jibu kwa kiwango cha kuonekana. Kwa mamia ya mita, na hasa wakati wa masika hewa inapojaa mvuke, athari huwa kubwa. Mvua na ukungu huzuia mionzi na pia hupoza uso wa kitu, kwa hiyo upimaji wa halijoto katika hali hiyo huahirishwa.

## Mipangilio ya mwonekano

Paleti ni mpangilio wa rangi zinazowakilisha halijoto. Paleti ya chuma, inayotoka nyeusi kupitia zambarau na machungwa hadi nyeupe, hupendwa katika ukaguzi wa umeme. Paleti ya upinde wa mvua huonyesha tofauti ndogo lakini inaweza kumfanya mtazamaji aone mpaka mkali pasipo na mpaka. Paleti ya kijivu, ambamo nyeupe ni moto, hufaa kutafuta watu na wanyama kwa kuwa huonyesha maumbo vizuri. Paleti haibadilishi namba yoyote.

Kiwango na upana huamua ni halijoto zipi zigawiwe rangi. Katika hali ya kujiendesha kamera hugawa rangi kuanzia kitu cha baridi zaidi hadi cha moto zaidi kilichomo kwenye picha. Hali hiyo huleta tatizo anga linapoingia kwenye picha: rangi nyingi hutumika kwa anga baridi, na viungo vyote huwa na rangi moja. Mkaguzi hubadili kwenda hali ya mkono na kuweka upana mdogo, kwa mfano 25 hadi 55 °C, ili tofauti ya nyuzi chache ionekane. Picha mbili zinazolinganishwa lazima ziwe na kiwango na upana sawa, la sivyo rangi nyekundu ya picha moja inaweza kuwa 40 °C na ya nyingine 90 °C.

Isothemu na kengele hupaka rangi maalumu au kutoa sauti kwa kila sehemu inayozidi halijoto iliyowekwa. Hufaa kwa ukaguzi wa vitu vingi kwa haraka, lakini hutegemea usahihi wa emisiviti.

Kasi ya picha huhesabiwa kwa herzi. Kamera nyingi za bei nafuu zina herzi 9 au chini yake, kwa sababu kamera zenye kasi kubwa zaidi huwekewa masharti makali ya kuuzwa nje ya nchi zinazozitengeneza. Kasi hiyo inatosha kwa kiungo kisichosogea. Haitoshi kupima kitu kilicho juu ya treni inayopita kwa kasi.

## Urekebishaji wa ndani

Kamera isiyopozwa hutoa mlio mdogo wa "tak" kila baada ya muda, na picha husimama kwa sekunde moja hivi. Ndani yake kifuniko hufungwa mbele ya kigunduzi, na pikseli zote hurekebishwa kwa kutazama uso mmoja wenye halijoto sawa. Kamera iliyotolewa kwenye gari lenye kiyoyozi na kuingizwa juani huhitaji dakika 10 au zaidi kuzoea hewa kabla ya kuanza kupima. Urekebishaji huo haufidii kuzeeka kwa kamera, ambayo hupaswa kupelekwa kwenye maabara ya vipimo kwa muda uliopangwa na mtengenezaji.

Usahihi unaotangazwa kwa kamera nyingi ni ±2 °C au asilimia 2 ya kilichosomwa, kutegemea kipi ni kikubwa. Kwa hiyo namba yenye desimali kwenye kioo cha kamera isichukuliwe kuwa ni uhakika wa sehemu ya kumi ya nyuzi.

## Mzigo, jua na upepo

Mipangilio sahihi haitoshi ikiwa kitu hakiko katika hali ya kazi. Joto la kiungo hutegemea mraba wa mkondo unaopita. Kiungo kilichozidi mazingira kwa 5 °C kikiwa na nusu ya mzigo kinaweza kuyazidi kwa takriban 15 hadi 20 °C kikipata mzigo kamili. Katika njia ya umeme ya viwandani mzigo hubaki kwa saa nyingi. Katika reli ya umeme mkondo mkubwa hupita treni inapoondoka kituoni au kupanda mwinuko, na treni ikiwa mbali viungo hupoa. Ukaguzi uliofanywa kati ya treni mbili unaweza kuonyesha njia nzima kuwa salama. Hivyo saa ya kupiga picha na treni iliyopita huandikwa pamoja na namba.

Jua hupasha metali, mabati na kokoto za reli kwa saa nyingi, na joto hilo huficha joto dogo linalotokana na hitilafu. Wakati mzuri ni usiku au alfajiri kabla jua halijachomoza. Upepo nao hupoza kiungo, na hitilafu iliyo kubwa katika hewa tulivu huonekana ndogo.

## Mfuatano wa kuweka mipangilio

1. Kuwasha kamera na kuiacha izoee hewa ya nje.
2. Kuhakikisha picha inahifadhiwa pamoja na data za mionzi, na kwamba tarehe na saa ni sahihi.
3. Kuchagua upeo wa halijoto.
4. Kuchagua lenzi na mahali salama pa kusimama, na kukadiria kama kitu kitajaza pikseli 3 kwa 3.
5. Kupima halijoto ya mwakisiko na kuiingiza.
6. Kuingiza emisiviti ya uso unaopimwa.
7. Kuingiza umbali, halijoto ya hewa na unyevuanga.
8. Kuweka fokasi kwa kutazama ukingo mkali wa kitu.
9. Kuweka kiwango na upana kwa mkono.
10. Kupiga picha ya joto na picha ya kawaida, na kuandika mzigo na hali ya hewa.

Kamera hukumbuka mipangilio ya mtumiaji wa mwisho. Kamera inayoshirikiwa na mafundi kadhaa huanza kazi mpya kwa kukaguliwa hatua hizi zote, kwani emisiviti iliyobaki kutoka kazi ya jana ni chanzo cha kawaida cha makosa.

## Kutafsiri matokeo

Ulinganisho mara nyingi ni wa kuaminika kuliko namba moja. Nyuso tatu zinazofanana, zenye mzigo sawa na zilizopigwa katika picha moja, zina makosa yanayofanana, hivyo tofauti kati yao hubaki na maana. Mwongozo unaotumika sana wa shirika la NETA la Marekani huchukua tofauti ya 1 hadi 3 °C kati ya vitu vinavyofanana kuwa dalili ya kuchunguzwa, 4 hadi 15 °C kuwa hitilafu ya kupangiwa matengenezo, na zaidi ya 15 °C kuwa hitilafu kubwa ya kushughulikiwa mara moja. Tofauti hizo nazo hupungua zikipimwa kwenye metali yenye emisiviti ndogo, kwa hiyo 3 °C kwenye aluminiamu inayong'aa isidharauliwe.

## Mipangilio katika matumizi mengine

Mipangilio ya reli haifai kila mahali. Katika uchunguzi wa homa viwanjani vya ndege, uliotumika sana wakati wa milipuko ya Ebola na UVIKO-19, emisiviti huwekwa 0.98 na sehemu inayopimwa vyema ni kona ya ndani ya jicho, si paji la uso lenye jasho. Mtu aliyetoka juani hupumzishwa kwanza.

Katika ulinzi wa wanyamapori, kama ule ulioanzishwa Maasai Mara nchini Kenya mwaka 2016, kinachotafutwa ni umbo la mtu au mnyama gizani. Hapo emisiviti haina umuhimu mkubwa. Lenzi ndefu, paleti ya kijivu na fokasi ndizo muhimu.

Katika volkeno huhitajika upeo mkubwa. Lava ya Ol Doinyo Lengai kaskazini mwa Tanzania ni ya baridi kuliko lava nyingine zote duniani, ikiwa na takriban 500 hadi 600 °C, lakini bado hupita mbali upeo wa kawaida wa 150 °C. Lava ya Nyiragongo nchini Kongo, inayokaribia au kuzidi 1,000 °C, huhitaji upeo mkubwa zaidi.

## Usalama

Kamera ya joto humwezesha mkaguzi kubaki mbali na umeme, na manufaa hayo hupotea akisogea ili kupata picha nzuri. Umeme wa kilovolti 25 unaweza kuruka hewani bila kuguswa. Kubandika tepu au karatasi ya aluminiamu karibu na waya hufanywa tu na watu walioruhusiwa, baada ya umeme kukatwa na njia kuunganishwa na ardhi. Karatasi ya kupimia mwakisiko huweza kuwekwa chini, mahali salama, ikielekezwa upande uleule wa anga. Kamera yenyewe haitoi mionzi yoyote yenye madhara, inapokea tu. Lenzi yake isielekezwe kwenye jua kwa muda mrefu, kwani kigunduzi kinaweza kuharibika.

## Tazama pia

* Halijoto
* Infraredi
* Mto Ngerengere
* Reli ya Kati
* Ukinzani wa umeme